Kinga Haikosi Nguvu, Inakosa Kutambua

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana habari za asubuhi. Mada niliyopewa ni kinga ya mwili na saratani, na mbele yangu nawaona wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi, wenye maduka ya dawa, na ndugu wanaouguza majumbani. Kundi ni mchanganyiko. Jina gumu likitokea nitalifafanua hapo hapo, na wanaolijua tayari watanivumilia.

Naanza na chupa. Kila stendi ya mabasi, na siku hizi kila kundi la WhatsApp, lina mtu anayeuza chupa ya kitu "kinachoongeza kinga", na mgonjwa wa saratani ndiye mteja anayewindwa. Maneno hayo yanauzika kwa sababu yanaingia akilini upesi: mtu akiugua, basi kinga imepungua, ikipungua, ijazwe. Kana kwamba kinga ni maji ya ndoo. Lakini mchukue mgonjwa wa kawaida mwenye uvimbe kwenye titi au kwenye utumbo, kabla hajaanza matibabu. Kidonda chake kinafunga, mafua yake yanaisha kwa wiki, na chembe nyeupe za damu ukizihesabu mara nyingi ziko sawa. Ndoo imejaa. Kilichotokea ni kwamba kinga ama haiuoni ule uvimbe, ama inauona na kuusogelea, halafu inashikwa breki mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na saratani imetoka kwenye seli za mwili wenyewe. Inatembea na sare ya nyumbani.

Sare hiyo tuitazame vizuri, kwa sababu dawa zote nitakazozitaja zinaanzia hapo.

Karibu kila seli mwilini, ukiacha chembe nyekundu za damu, hutoa vipande vidogo vya protini inazotengeneza ndani na kuvianika nje. Kipande kimoja kina asidi amino nane hadi kumi hivi, na hushikwa na kishikizo kiitwacho HLA. Fikiria mwenye duka aliyelazimishwa kuweka dirishani sampuli ya kila kitu kilichomo stoo. Seli T, ambazo ndizo askari wanaoua, hupita dirisha kwa dirisha zikikagua. Zikikuta kipande cha virusi, au cha protini iliyoharibika, huitoboa seli ile kwa protini iitwayo perforini, huingiza vimeng'enya vinavyoiamuru ijiue, kisha huenda kwa jirani.

Askari hawa hufunzwa kwenye tezi ya thimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, na chuo chenyewe ni kikali: zaidi ya tisa kati ya kumi hawatoki hai. Wengine hufa kwa kushindwa kusoma madirisha. Wengine huuawa makusudi kwa sababu wamezishika protini za nyumbani kwa nguvu mno. Mchujo huo ndio unaotuepusha na mwili kujila wenyewe. Ndio huo huo unaoipa saratani mwanya, maana askari ambao wangeitambua haraka zaidi wengi wao walishaondolewa chuoni.

Sasa waliobaki wanaona nini? Wanaona makosa. Seli inayogawanyika ovyo hukosea kunakili vinasaba vyake, na baadhi ya makosa huzaa protini ngeni zinazofika dirishani. Saratani ya mapafu ya mvuta sigara, na ile ya ngozi iitwayo melanoma inayoletwa na jua kwa watu weupe, zina makosa kwa mamia na zaidi. Ndiyo maana habari nyingi njema za dawa za kinga zinatoka huko. Melanoma tunayoiona kwa watu weusi Afrika Mashariki kwa kawaida inaota kwenye unyayo au chini ya ukucha. Haitokani na jua, makosa yake ni machache, na hujibu dawa hizo kwa unyonge zaidi. Ukisoma mtandaoni takwimu za Ulaya za melanoma, usizibebe kama zilivyo ukamwahidi mgonjwa wa unyayo.

Wazo kwamba mwili hupalilia saratani kila siku ni la zamani. Paul Ehrlich, Mjerumani, alilitoa mwaka 1909, kisha likabishaniwa miaka tisini. Mwaka 2001 maabara ya Robert Schreiber, mjini St. Louis, Marekani, ilionyesha kwamba panya waliozaliwa bila limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga zikiwemo seli T, huota uvimbe mara nyingi kuliko wenzao. Hilo lilitarajiwa. Jambo lenye uzito ni jaribio la pili: uvimbe uliokua ndani ya panya asiye na kinga ulipohamishiwa kwa panya mzima, mara kadhaa ulikataliwa, lakini uliokua ndani ya panya mwenye kinga ulipohamishwa, ulishika. Maana yake ni kwamba kinga ilikuwa imeuchuja uvimbe tangu mwanzo, ikaua seli zinazoonekana na kuacha zisizoonekana. Waliolima mpunga wanalijua hili bila maabara: ukipalilia kila msimu, gugu litakalobaki ni lile linalofanana na mpunga.

Kwa hiyo uvimbe unaofika hospitali umeshafuzu. Miaka mingi kinga imekuwa ikiupalilia, na huu ndio uliosalia.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwa binadamu tunao hapa hapa kwetu, na tumeulipia kwa maisha ya watu. Chukueni saratani ya Kaposi. Virusi vyake, HHV-8, viligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore, nao wamo watu wengi wanaoishi na virusi hivyo maisha yote bila tatizo, kwa sababu seli T zinavikalia. VVU vikiziua seli T za aina ya CD4, mkalio unalegea, na madoa ya zambarau yanatokea miguuni, mdomoni, hata mapafuni. Mrudishie mgonjwa kinga kwa ARV, na Kaposi ya ngozi peke yake mara nyingi hunywea bila dawa nyingine. Iliyoingia mapafuni au iliyovimbisha miguu vibaya inahitaji na tibakemikali, kama paklitakseli. Hapo kweli ndoo ilikuwa imetoboka, na dawa ya kuziba tundu ni ARV. Hakuna chupa ya stendi inayofanya kazi hiyo.

Wahudumu, mtege sikio hapa. Wiki za kwanza baada ya kuanza ARV, kinga inaporudi kwa kasi, Kaposi inaweza kuvimba na kuonekana imezidi. Mgonjwa akiogopa akaacha dawa, ndiyo mwisho. Na mtu asimpe steroidi kwa nia ya kutuliza uvimbe ule: deksamethasoni na prednisoloni huiwasha Kaposi kama petroli. Arudishwe kliniki haraka, ARV ziendelee.

Mfano wa pili ni limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya la mtoto unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1961 aliendesha gari na wenzake wawili karibu kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, Afrika Mashariki na Kati, akiuliza wapi uvimbe huo unaonekana. Ramani yake ikalingana na ramani ya joto na mvua, yaani ramani ya malaria. Mwaka 1964, London, Anthony Epstein na wenzake Achong na Barr wakaona virusi ndani ya seli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Ndivyo vinavyoitwa EBV.

Sasa, EBV tunayo karibu sote. Watoto wetu wengi huipata wakiwa wadogo sana, kwa mate. Kwa nini wachache tu wapate Burkitt? Jibu liko kwenye ushirikiano wa wageni wawili. Malaria ya mara kwa mara inachokoza seli B, zile zinazotengeneza kingamwili (protini zinazonasa wageni), zigawanyike bila kupumzika, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea: kipande cha kromosomu ya 8 kinarukia kwenye ya 14, na jeni iitwayo MYC inabaki imewaka. Wakati huo huo malaria inazichosha seli T zilizokuwa zikividhibiti virusi hivyo. Na virusi vyenyewe vina hila: ndani ya seli ya Burkitt vinazima karibu protini zao zote, vinaacha moja tu, EBNA1, ambayo imeumbwa kwa namna inayofanya isikatwekatwe vizuri kwa ajili ya kuanikwa dirishani. Duka limejaa magendo, dirishani hakuna kitu. Kwa hiyo chandarua anacholalia mtoto kanda ya ziwa kinagusa pia habari ya saratani, ingawa hakuna anayekiuza kwa sifa hiyo.

Uvimbe unajificha kwa njia gani nyingine? Ya kwanza ni kuvunja dirisha lenyewe: seli inapoteza HLA, seli T inapita haioni kitu. Mwili una jibu la hilo, seli uaji za asili, ambazo kazi yao ni kuua yeyote asiye na dirisha, lakini ndani ya uvimbe mkubwa huwa chache na zimechoka. Ya pili ni kuajiri walinzi wa upande wake: uvimbe unaita seli T tulizi, ambazo kwa kawaida huzuia kinga isizidi kipimo, zikazunguka pale na kuwatuliza wapiganaji. Ya tatu ni njaa. Uvimbe unakula sukari yote ya jirani na kumwaga asidi, seli T inafika haina nguvu ya kushindana.

Ya nne ni breki, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo dawa zilipopatikana.

Seli T haiui kwa kuona tu. Inataka ishara mbili: ufunguo, ambao ni kile kipande cha dirishani, na mafuta, ambayo ni mguso wa protini iitwayo CD28. Baada ya kuwaka, yenyewe huanza kujiwekea breki ili isije ikaunguza nyumba. Breki moja inaitwa CTLA-4. Inafanya kazi zaidi kwenye mitoki, kule seli T zinakopokea amri. Nyingine ni PD-1. Inafanya kazi uwanjani, ndani ya tishu. Seli ya kawaida ikishambuliwa huinua mkono wenye protini iitwayo PD-L1, ukikanyaga breki ya PD-1, seli T inasimama. Uvimbe umejifunza kuinua mkono huo huo. Askari amefika, amemtambua mhalifu, na mhalifu anamwonyesha kitambulisho cha mkubwa wake.

Tasuku Honjo wa Kyoto aliigundua PD-1 mwaka 1992. James Allison, akiwa Berkeley, alionyesha mwaka 1996 kwamba kingamwili inayoziba CTLA-4 inawafanya panya waukatae uvimbe. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Ipilimumabu, inayoziba CTLA-4, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumabu na nivolumabu, zinazoziba PD-1, mwaka 2014. Angalieni majina yote yanaishia na "mabu": ni kingamwili zilizotengenezwa kiwandani. Hakuna hata moja inayoongeza kinga. Zinaachia breki za askari waliokwisha fika.

Zimeleta nini? Melanoma iliyosambaa zamani ilimpa mgonjwa wa kawaida chini ya mwaka mmoja. Kwenye utafiti mkubwa uliounganisha nivolumabu na ipilimumabu, asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Hiyo ndiyo kilele. Katika saratani nyingi nyingine, dawa moja peke yake inamnufaisha kama mmoja kati ya watano, pengine pungufu, na zipo saratani ambazo haigusi kabisa, kama nyingi za kongosho. Uvimbe ambao seli T hazijafika, wataalamu wanauita uvimbe baridi, na kuachia breki ya gari lisilo na dereva hakulifikishi popote. Kwa hiyo kabla ya dawa hupimwa kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe: PD-L1 ipo kiasi gani, na, hasa kwa utumbo mpana na mji wa mimba, je, seli zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya vinasaba. Uvimbe wa aina hiyo ya pili una makosa mengi mno, na tangu 2017 pembrolizumabu imeruhusiwa Marekani kwa wenye hali hiyo bila kujali kiungo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyofika hatua za juu lakini haijasambaa mbali, mwaka 2024 iliruhusiwa huko pamoja na mionzi na tibakemikali.

Inatolewaje? Dripu ya dakika 30. Pembrolizumabu ni miligramu 200 kila wiki tatu, au 400 kila wiki sita. Kabla ya dozi ya kwanza mgonjwa apimwe ini, figo, sukari, tezi ya shingo, VVU, homa ya ini B, na kifua kikuu. Mwenye VVU ambaye virusi vimefubazwa anaweza kupewa. Mwenye homa ya ini B aanzishiwe dawa zake. Kifua kikuu nakisisitiza kwa sababu vitabu vya nchi baridi hukipitia haraka: PD-1 ni moja ya vitu vinavyoweka suluhu kati ya mwili na bakteria waliolala mapafuni, na ukiivuruga, TB iliyolala huweza kuamka.

Sasa madhara. Ukiachia breki, gari haliendi kwa saratani pekee. Seli T zinaweza kuingia kwenye ngozi zikaleta upele na mwasho, mara nyingi katika wiki za mwanzo; zikiingia utumbo, ni kuhara; ini, macho ya njano; mapafu, kikohozi kikavu na pumzi fupi; tezi ya shingo, uchovu na baridi isiyoeleweka; tezi pituitari chini ya ubongo, kuumwa kichwa kusikopoa. Kongosho likishambuliwa, kisukari kinaweza kuanza ndani ya siku chache. Moyo ni nadra, chini ya mmoja kwa mia, ila ukishambuliwa, huua hadi nusu ya wanaopatwa. Na madhara haya yanaweza kutokea miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, mgonjwa ameshasahau kwamba aliwahi kutundikiwa dripu.

Kosa linalowaua watu ni hili. Mgonjwa amepata dozi mjini, amerudi kijijini, anaharisha mara saba kwa siku. Zahanati inafikiri amiba, anapewa metronidazo. Haipoi, anapewa siprofloksasini. Wiki mbili zimepita, utumbo umetoboka. Kuhara kwa mtu aliyetumia dawa ya breki ni ugonjwa wa kinga hadi ithibitishwe vingine. Choo kipimwe, ndiyo, maana amiba ipo kweli. Lakini simu kwa kliniki ya saratani ipigwe siku hiyo hiyo. Tiba yake ni prednisoloni, na kipimo kinashtua: kwa madhara makali ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anaanza na vidonge 12 vya miligramu 5 kwa siku, kwa uchache. Ndugu wanaona vidonge 12 wanaogopa, wanapunguza wenyewe. Msipunguze. Na akipata nafuu siku ya nne msiache ghafla: dawa inashushwa polepole kwa wiki nne hadi sita, la sivyo kuhara kunarudi kikali zaidi. Maeneo yenye minyoo ya strongiloidi daktari atatoa ivamektini mapema, kwa sababu steroidi nyingi humfungulia mlango mnyoo huyo.

Hapa ile chupa inarudi. Mgonjwa aliye kwenye dawa hizi akinywa mitishamba asiyoitaja, vimeng'enya vya ini vikapanda, daktari hajui kama ini limeshambuliwa na seli T au limeunguzwa na dawa ya chupa. Atalazimika kusimamisha dozi. Wengine wamepoteza matibabu ya gharama kubwa namna hiyo. Hatuulizi ili tuwaaibishe. Tunauliza ili tujue.

Na gharama yenyewe? Dozi moja kwa bei ya kawaida ni maelfu ya dola. Shirika la Afya Duniani liliziingiza nivolumabu na pembrolizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa melanoma, lakini kuwemo kwenye orodha hakulipi bili. Kitu kinachonipa moyo zaidi ni kazi ya hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, iliyochapishwa mwaka 2022: wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo walipewa miligramu 20 tu za nivolumabu kila wiki tatu, chini ya sehemu ya kumi ya dozi ya kawaida, pamoja na vidonge vya bei nafuu. Baada ya mwaka mmoja walio hai walikuwa asilimia 43, dhidi ya 16 waliopewa vidonge pekee. Breki za seli T hushikwa na dawa kidogo kuliko tulivyodhani. Kwa maoni yangu, nchi zetu zingejiunga na majaribio ya namna hiyo kabla ya kujadiliana bei na viwanda.

Kuna dawa ya kinga ya zamani zaidi, tena ya bei ndogo: BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu. Tangu Alvaro Morales wa Kanada alipoandika matokeo yake mwaka 1976, BCG humiminwa ndani ya kibofu cha mkojo kwa saratani ya juu juu isiyoingia kwenye msuli. Inaamsha ugomvi kwenye ukuta wa kibofu, seli za kinga zinakuja kwa bakteria na kuikuta saratani. Ni mara moja kwa wiki, wiki sita, ikianza angalau wiki mbili baada ya uvimbe kukwanguliwa kibofuni. Mgonjwa anakaa nayo kwa muda usiozidi saa mbili, kisha anakojoa akiwa ameketi, na kwa saa sita chooni humwagwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuvuta maji, maana bakteria wale wako hai. Haitolewi kama mkojo una damu au mpira wa mkojo umemjeruhi, kwa sababu BCG ikiingia kwenye damu ni hatari. Na kwa watu wa Mwanza, Mara na Pwani: saratani ya kibofu inayoletwa na kichocho huwa ya aina nyingine, ya seli bapa, na mara nyingi imeshaingia msulini. Hiyo BCG haiisaidii. Hiyo ni ya kisu.

Kuhusu seli za CAR-T mlizozisikia kwenye redio nitasema kidogo tu. Seli T za mgonjwa hutolewa, hupandikizwa jicho jipya maabara, kwa kawaida la kuona protini ya CD19 iliyo juu ya seli B, hurudishwa kwa dripu moja. Zinafanya kazi kwa baadhi ya leukemia, yaani saratani za damu, na limfoma, yaani saratani za mitoki. Kwa uvimbe mgumu wa titi au ini bado. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani, mwaka 2017, iliuzwa dola 475,000. India iliruhusu ya kwake mwaka 2023 kwa bei ya chini sana kuliko hiyo, na kwa kuwa rufaa zetu nyingi huelekea huko, jina hilo mtalisikia tena.

Nimeiweka chanjo mwishoni kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwenu. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, na HPV ni bingwa wa kunyamaza. Vinaingia kupitia mchubuko mdogo, vinakaa kwenye ngozi laini, haviingii kwenye damu, haviui seli wanamoishi. Hakuna kelele, kinga haistuki. Pamoja na hayo seli T huviondoa kwa wanawake kama tisa kati ya kumi ndani ya miaka miwili. Kwa yule wa kumi vinabaki, na protini zake mbili, E6 na E7, zinang'oa walinzi wa seli, hadi miaka 15 au 20 baadaye inatokea saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10.

Chanjo ni ganda la virusi lisilo na kitu ndani. Ikichomwa msulini, kinga inaliona vizuri kuliko inavyoviona virusi vyenyewe, na kingamwili zinazotoka ni nyingi mno. Ndiyo maana dozi moja ilitosha kwenye utafiti wa Kenya, wa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Thika, Nairobi na Kisumu: baada ya miezi 18 ilizuia maambukizi mapya yanayodumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Tanzania ilianza na wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ganda hilo halina vinasaba, haliwezi kugusa kizazi cha mtu. Anayesema linafunga uzazi mwulizeni linaingilia wapi. Lakini pia halitibu aliyekwisha ambukizwa, kwa sababu kingamwili husimama mlangoni na virusi vimeshaingia ndani. Mama wa miaka 30 anahitaji kupimwa, kwa kipimo cha siki au cha HPV. Mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25.

Mambo mawili ya kazini. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na adui yake mkubwa ni barafu: ikiganda, chumvi ya aluminiamu iliyomo inashikana mabonge, na chanjo imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Usiiegemeze kwenye barafu ndani ya kibebeo. Binti akishachomwa, nusu mililita kwenye bega, aketi dakika 15, kwani wasichana huzimia kwa woga na anayeanguka huumia kichwa kuliko sindano ingeweza kumuumiza.

Na binti anayeishi na VVU dozi moja haimtoshi. Apate angalau mbili, zikipishana miezi sita, na tatu pale zinapopatikana. Kadi yake iandikwe tarehe ya kurudi kabla hajatoka mlangoni. Kipaza sauti kinakuja huko. Tuanze na mama wa mstari wa tatu aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mitishamba.